Meza ya Warumi Kambini Kasulo

Mwaka 1995 Luqmani alikwenda kambini Kasulo kuomba kazi ya kufundisha Kiswahili. Chini ya turubai, mbele ya watoto, akamsomea Mwalimu Nahimana, mkimbizi wa Burundi aliyeendesha shule hiyo, shairi alilotunga mwenyewe.

"Humu hamna hata neno moja la Kizungu," alitamba. "Ni Kiswahili cha babu zangu wa pwani."

"Na hii 'meza' nayo ni ya babu zako?"

"Ya nani tena?"

"Kwenu mnakula wapi, bwana mdogo?"

"Mkekani, Mwalimu. Tangu enzi za mababu."

"Sasa meza walikuwa nayo ya nini?"

Watoto walicheka. Luqmani alifura, akakunja karatasi yake aondoke. Lakini Nahimana, aliyesoma Kilatini seminarini, alikuwa ameshaanza: mensa ya Warumi ndiyo iliyozaa mesa ya Wareno, nao wakaileta pwani. Wahispania husema mesa vilevile. Waromania husema masă, na kwao ni meza na ni mlo pia.

"Na Wafaransa?" Luqmani aliuliza, hasira imemtoka.

"Wao wanasema table, kutoka tabula, yaani ubao."

Luqmani aliitazama meza ya mwalimu, ambayo ilikuwa ubao juu ya matofali. Akaketi katikati ya watoto, akaikunjua karatasi, akaazima penseli.

"Mwalimu, kazi unipe usinipe, niambie kwanza: leso je?"

"Leo kaa usikilize ya leso," Nahimana alisema. "Kesho saa mbili, ya meza utawafundisha wewe."