Toroli Tisa

Mimi ni fundi cherehani, na fundi akikuambia "njoo kesho", wewe mwenyewe unajua kwamba kesho hiyo ina wiki mbili ndani yake. Jirani yangu husema "nimeshafika" akiwa bado anatafuta kiatu cha pili. Hakuna aliyewahi kutupeleka popote tukapimwe. Aliyepelekwa ni mdogo wangu.

Tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kwa mama, na ana miaka kumi na tisa. Tangu akiwa shule mtaalamu alituambia kwamba ana ulemavu mdogo wa akili. Anasoma, anapika, anasafiri peke yake. Saa ya ukutani anaijua vizuri, mshale mrefu na mfupi. Asichoweza ni kuuhisi muda ukipita. Mwache mahali pasipo na saa, dakika ishirini na saa mbili kwake ni mamoja. Mtaalamu alieleza yote hayo kwa upole, sisi tukaitikia kwa vichwa, tukarudi nyumbani na maneno mawili tu: hajui saa. Maneno hayo tukawa tunampiga nayo kama rungu.

Alipata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Yeye ni wa kukunja, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Aliipenda kazi ile hadi ikawa kero. Akirudi anakunja upya kabati zima, hata matambaa ya jikoni hayakusalimika. Baada ya miezi michache msimamizi akampa chumba chake mwenyewe cha kukunjia, huko nyuma, mbali na wenzake. "Mkono wake ni mwepesi na hana maneno mengi," alimwambia mama kwa simu. Mama alifurahi, akatangaza hadi msibani kwa watu. Mtoto alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka, na sisi tukakipigia vigelegele.

Kuanzia hapo akawa anachelewa. Leo saa kumi na moja, kesho saa kumi na mbili jua linazama.

"Ulikuwa wapi?" mama anauliza.

"Kazini. Msimamizi alisema bado kidogo, nikaendelea."

"Bado kidogo ndiyo saa tatu nzima?"

Hilo ndilo swali Kitinda asiloweza kulijibu, na sisi tulijua hawezi. Siku moja alijaribu. "Leo nimekunja toroli tisa, dada," aliniambia. "Nilipokuwa na wenzangu, siku ilikuwa toroli sita." Nami, pini zimejaa mdomoni, nikamjibu, "Nimekuuliza saa, sijakuuliza toroli." Nikacheka. Alikuwa amenipa ushahidi wote mkononi, nami nikacheka.

Mama alishaamua kwamba kuna mwanamume. Alimpekua mkoba, akamnusa gauni kwapani na shingoni. Miezi mitatu ilipita hivyo. Jumapili moja akatoa hukumu: akichelewa tena hata mara moja, kazi basi, atakaa nyumbani. Kitinda alilia hadi akashikwa na kwikwi. Jumatatu nikaziacha sketi za wateja mezani, nikaenda kujibanza karibu na geti la kiwanda nimfumanie huyo mwanamume.

Saa tisa wenzake walitoka kwa makundi, wanacheka, mikoba mabegani. Kitinda hakuwamo. Nilingoja mpaka saa kumi ilipopita, ndipo akatoka mzee wa pasi, mikono yake imebabuka kwa mvuke.

"Shikamoo, mzee. Mdogo wangu yuko wapi, yule wa chumba cha nyuma?"

"Marahaba. Yuko ndani, anakunja."

"Si muda umeisha?"

Alitazama chini. "Mzigo wa jioni unaingia saa tisa. Mimi nilikuwa nazima mitambo tu. Sisi tulikataa kuubakia bila malipo. Yeye hakatai."

"Anajua kwamba wenzake wameshatoka?"

"Kule nyuma hakusikiki kitu, mwanangu."

Ananiita mwanangu. Watu wazima thelathini, wote wanajua, wanatoka na kwenda kula kwao, na hakuna hata mmoja aliyepiga hatua ishirini kwenda kumgongea mlango. Nilimpita bila kuaga. Mlinzi alitaka kuniuliza ninakokwenda, akaniona uso, akaghairi.

Chumba chenyewe kilikuwa na dirisha moja linalotazama ukuta. Simu huachwa getini, ni sheria yao. Juu ya meza ya kukunjia palikuwa na msumari mtupu, na rangi chini yake imebaki na alama ya duara pale saa ilipokuwa imetundikwa. Kitinda aliinua macho, akashtuka kuniona.

"Dada, saa tisa imefika?"

Ilikuwa saa kumi na robo.

Msimamizi aliingia nyuma yangu, kalamu sikioni, ananukia vizuri. "Karibu, dada. Amebakiza kidogo tu."

"Kidogo ni saa ngapi?"

"Jamani, usikasirike. Mwenyewe hachoki. Kwani anajua tofauti?"

Nilimwambia kwamba aliyeishusha saa ile ukutani alijua tofauti vizuri sana. Nilimwambia mwizi wa kuku ana aibu kuliko yeye, na kwamba asubuhi tungekutana ofisi ya kazi. Nilipaza sauti hadi mlinzi akaja kusimama mlangoni. Lakini hata nikiwa katikati ya kelele zangu nilijua kwamba maneno yale ya kutojua tofauti hakuyatunga yeye. Kwetu tuliyasema kila jioni: hajui saa.

Kitinda alimalizia shuka aliloshika, kona kwa kona, akavua aproni tukaondoka.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Alikaa kitako, mkono shavuni. "Basi, haendi tena kwa wale," alisema.

"Kabisa," nikasema. "Nitamtafutia kitu cha kufanya hapa hapa, anishonee vifungo."

Tulikuwa tumeshaanza kupanga mahali pa kuweka kiti chake, ndipo Kitinda akasema, "Aliyedanganya ni msimamizi. Mbona anayeachishwa kazi ni mimi?"

"Tunakulinda, mwanangu."

"Mama, ulininusa."

Mama aliushusha mkono kutoka shavuni.

"Mpigie msimamizi," Kitinda akaniambia. Nilipiga, na msimamizi alipopokea nikavuta pumzi nimwanze upya. Kitinda alininyang'anya simu.

"Ni mimi," alisema. "Kesho nakuja. Nitakunja kwenye chumba cha wenzangu, siyo kule nyuma. Wakivua aproni, na mimi navua. Na saa uirudishe ukutani."

Sikusikia alichojibiwa. Kitinda alisikiliza, akasema "Siyo kesho kutwa, kesho," akakata.

Nilitaka kumpongeza. Nilishaanza hata kutabasamu, kama vile ushindi ule na mimi nilikuwa na fungu langu. Alinirudishia simu, akatutazama mmoja mmoja.

"Nyinyi hamjaniomba radhi," alisema.

Mama ndiye aliyeanza.