Alama ya Kisu

Bildad alioga akiikwepa alama. Ilikuwa msalaba wa wino wa zambarau ubavuni, pale daktari alipoichora mwezi wa tatu, na kila ilipofifia Bildad aliikoleza mwenyewe kwa kalamu mbele ya kioo chake kilichopasuka. Hakunywa chai. Waliotaka kumpasua walimwambia aje na njaa, na leo alikuwa anaipeleka njaa hiyo kwa mara ya nne.

"Leo wanakata kweli?" Agneta, jirani yake muuza uji, alimuuliza mlangoni.

"Wamesema."

"Na nani atakaa na wewe huko?"

Bildad alifunga vifungo. Watu wake walikuwa Murang'a, na ugomvi wa shamba uliwatenganisha zamani. Hapa mtaani Kondele alijuana na baiskeli alizotengeneza tu.

"Masista wa hospitali wapo," alijibu.

Mwezi ule wa tatu daktari alimweleza vizuri. "Mzee, saratani ya mapafu ya aina hii kwa kawaida hatuikati. Inatawanyika mapema, kisu hakiifikii. Yako bado ni ndogo, iko mahali pamoja. Una bahati. Tutaitoa haraka, halafu tuongeze dawa."

Bahati hiyo Bildad aliilalia na kuamka nayo. Kisha oksijeni ikaisha. Kisha daktari wa usingizi akaitwa Nairobi. Kisha jenereta ikaharibika. Kila mara karani alimwambia, bila kuinua macho, awe na subira. Eti subira huvuta heri. Saratani haijui methali.

Leo walimpiga picha nyingine kwanza. Daktari aliishika dirishani muda mrefu.

"Imevuka, mzee. Iko mpaka upande wa pili."

"Si ukate tu? Nimekuja na njaa."

"Nikikata sasa nitakuumiza bure. Dawa zipo, lakini ni Nairobi."

"Na ule mwezi wa tatu?"

Daktari aliiweka picha mezani. "Ningekata," akasema, akatoka.

Sista alipokuja na pamba yenye spiriti kufuta alama, Bildad aliushika mkono wake.

"Wacha ikae. Watakaoniosha nikifa waone palipotakiwa kukatwa."

Sista aliirudisha pamba, akachukua kadi. "Ni nani hao, mzee? Nahitaji jina la mtu wako."

Sista aliinua macho kutoka kwenye kadi, akamtazama.

"Andika Agneta," Bildad akasema. "Anauza uji Kondele. Bado hajui."