Msumari Mmoja wa Funguo

Nyumbani kwetu funguo za magari matatu huning'inia kwenye msumari mmoja, na anayewahi kuamka huchukua gari alitakalo. Lakini leo nilipokwenda kuyakatia yote bima moja, wakala alitaka jina la dereva kwa kila gari.

"Pikapu?"

"Mimi peke yangu," nikadanganya. Binti yangu ana leseni ya mwezi mmoja, na maswali ya watu wa bima hunichefua.

Nikatia saini. Kabla sijaifunika kalamu, simu ikaita. Alikuwa mke wangu, anahema.

"Baba watoto, binti yako kagonga mtu wa baiskeli sasa hivi, na ile pikapu. Huyo mtu hasemi, hajitikisi. Polisi wanakuja. Wakiuliza, sema ulikuwa unaendesha wewe."

Jasho jembamba likanitoka.

Wakala aligonga muhuri taratibu, akanisogezea fomu.

"Nimeandika na saa uliyosaini hapa mbele yangu," alisema. "Mbona umebadilika, mzee? Nyumbani kwema?"