Mama Mbu na Hisa za Saruji

Wafadhili walipochoka na maabara ikafungwa, mtafiti mmoja aliyemaliza ujana wake akichunguza mbu alisoma mambo ya hisa, akafaulu mtihani, akaajiriwa na kampuni ya uwekezaji. Wiki haikuisha wenzake wakambandika jina: Mama Mbu. Hilo halikumuudhi. Aliyemuudhi ni bosi.

"Hisa za saruji," bosi alisema, kasimama mlangoni, simu kaiziba kwa kiganja. "Zitapanda au zitashuka?"

"Bado sijui. Hesabu zao hazijatoka, na hizi habari za kununuliwa na wageni ni uvumi tu."

"Mama, mteja yuko hewani. Nipe neno moja."

"Sijui ni neno moja."

Bosi akafumba macho kama mtu mwenye jino bovu, kisha akamwambia mteja asubiri kidogo.

Hisa zikapanda. Zikapanda tena. Ofisini watu walimpita wakipiga mluzi. Mjomba wake naye akapiga simu: "Mwanangu, wenzio wananunua, wewe na usomi wako wote unangoja nini?"

"Mjomba, nilisomea sayansi, sikusomea ramli!"

Baadaye kampuni ya saruji ikatangaza kwamba hakuna mgeni yeyote anayeinunua. Bei ikaporomoka. Bosi akawakusanya wafanyakazi wote, akapiga makofi.

"Huyu mama ana machale!"

"Sina machale," alisema. "Nilisema sijui, kwa sababu nilikuwa sijui."

"Mnaona na unyenyekevu wake?" Wakacheka, wakampongeza.

Nyumbani alisugua sufuria utadhani anataka kuitoboa. Mumewe akaegemea jokofu.

"Si wamekusifu lakini?"

"Wamenisifu kwa kitu nisichokuwa nacho! Zingeendelea kupanda, leo ningekuwa mjinga. Kule maabara ukikisia, wenzako wanakurarua. Hapa ukikisia ukapatia, wewe nabii!"

"Basi waambie."

"Nimewaambia! Nimewaambia mpaka koo limekauka!"

Mume akachukua kitambaa, akaanza kufuta vyombo. Alimjua mkewe.

Kwa sababu ya hayo machale, bosi akamkabidhi mfuko wa akiba wa wauguzi wastaafu. Alitaka kukataa, ila mwakilishi wao alikuwa ameshaketi ofisini kwake, mkoba magotini: bibi mkavu mwenye macho ya zamu za usiku.

"Binti, pesa zetu utazipeleka wapi?"

Mama Mbu akavuta pumzi. Amechoka, liwalo na liwe. "Nyingine kwenye dhamana za serikali. Zilizobaki sitazigusa mpaka nizichunguze kampuni moja moja. Huenda nikachelewa, na huenda nikakosea."

Bibi akafungua mkoba. "Waliokutangulia wote walikuwa wanajua," akasema. "Tazama tulipo."

Akasogeza kiti karibu na meza, akatoa miwani. "Haya. Nioneshe unavyochunguza."

Mama Mbu akafungua kompyuta. Walikaa hapo hadi mlinzi alipokuja kuuliza kama bado kuna mtu.