Lugha ya Watu Wawili

Neno lile lilimtoka Nyamusi akiwa anamenya ndizi za mchana, na kisu chake hakikusita hata kidogo. Afadhali kingemkata kidole, pengine angenyamaza.

Mjukuu wake Linda alikuwa amefika Birongo kutoka Nairobi na kinasa sauti kidogo, akakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Kazi ya Linda ilikuwa filamu za katuni. Safari hii yeye na wenzake walikuwa na viumbe wadogo wenye masikio mapana kama majani ya mgomba, na viumbe hao hawakuwa na lugha.

"Kwani wasiseme Kiswahili?" Nyamusi aliuliza. "Au Ekegusii, wakichoka?"

Linda alicheka. "Magokoro," alimwita nyanya yake kwa Ekegusii, "tunataka hata mtoto wa ng'ambo awasikie na asijione mgeni. Kwa hiyo tunawatungia yao. Maana si kitu sana. Mtu anaelewa kwa sauti inavyopanda na kushuka, kwa mikono, kwa macho. Kazi ngumu ni kupata sauti zinazofanana kama watoto wa mama mmoja. Ukiokota ovyo ovyo, hata mtoto anajua anadanganywa."

"Kumbe ndiyo kazi mnayolipwa? Mimi na Kemuma tulitunga yetu bure, tukiwa tunachuma chai."

Hapo ndipo alipopaswa kufunga mdomo. Lakini Nyamusi aliacha shule darasa la tatu, na katika maisha yake yote hakuna aliyekuwa amekaa mbele yake na kifaa, akisubiri aseme kitu ambacho yeye ndiye anayekijua.

Kemuma aliolewa na Anyona, mdogo wake Ratemo, mumewe Nyamusi. Wake wawili wachanga, boma moja, na mama mkwe mmoja aliyekuwa na masikio ya kusikia hadi mtoni. Basi wakajitungia usemi wao katikati ya mistari ya chai. *Chupei* ilikuwa "nikae nawe?" *Birilili* ilikuwa "huyo mama anakuja." Ulianza kama mchezo, lakini mwaka ulipoisha waliweza hata kugombana kwa lugha hiyo na kupatana kwa hiyo hiyo. Wakaapa kutomfundisha mtu.

Nyamusi alieleza yote hayo, na kinasa sauti kikayameza.

"Na asubuhi mlisalimiana vipi?" Linda aliuliza.

"Mimi naanza, 'Lumei?' Naye anajibu, 'Lumei.'"

Ndizi ikaendelea kumenywa. Linda aliinua kichwa. "Hilo tamu! Maana yake?"

Ndipo kisu kikasimama.

Lumei alikuwa mtoto. Kemuma alimzaa mtoto wa kike kabla ya wote, akaishi siku tatu. Mama mkwe akasema mtoto wa siku tatu hajapewa jina, asililiwe, shamba linangoja. Kemuma akarudi kwenye chai na maziwa yakimlowesha gauni. Jioni ya siku hiyo alimpa mwanawe jina kwa lugha yao, mahali pekee ambapo angeweza kulitamka bila kukemewa. Tangu hapo, kila asubuhi Nyamusi alimuuliza, "Lumei?" yaani, umeamka naye leo? Kemuma alijibu, na mama mkwe nyuma yao alisikia wasichana wakilialia kama ndege tu.

"Ni kama furaha," Nyamusi alimwambia Linda. "Mtu akifurahi."

Alijiambia kwamba akificha maana, neno lenyewe amelificha pia.

Mwezi wa Desemba mwaka uliofuata Linda alileta filamu, akaunganisha kompyuta yake na televisheni. Watoto wa majirani walijazana hadi mlangoni. Wale viumbe walizunguka wakitafuta chakula, wakazozana, wakasameheana, na Nyamusi alisikia sauti za ujana wake zikitoka kwenye vinywa vya rangi. Alicheka kwa *birilili*. Kisha viumbe wakaona mkungu wa ndizi mbivu, wakaruka juu na mikono hewani: "Lumei! Lumei!"

Watoto waliangua kicheko. Filamu haikuwa imeisha, tayari nao walikuwa wakiruka.

Alimvuta Linda hadi jikoni. "Litoe neno lile."

"Nilitoe wapi, Magokoro? Filamu imeshatoka. Iko kwenye simu za watu. Na hilo ndilo walilipenda kuliko yote." Linda alimtazama. "Si ulisema ni furaha?"



Kesho yake Nyamusi alipanda bodaboda hadi Nyanchwa, alikohamia Kemuma kwa mwanawe Mathew baada ya Anyona kufariki. Alitaka kufika kabla ya neno. Lakini pale mlimani, karibu na tangi la maji, wasichana waliruka kamba wakihesabu, na kila anayeshinda alipaza sauti, "Lumei!" Nyamusi akajua amechelewa.

Kemuma alikuwa barazani akiambua maharagwe.

"Chupei?" Nyamusi aliita kutoka langoni, kama miaka yote.

Kemuma hakuinua macho. "Karibu, mama Obadiah. Kiti hicho hapo."

Wakiwa wawili peke yao, Kemuma hakuwahi kumwita mama Obadiah. Hilo lilikuwa jina la mbele za watu.

"Kama umekuja kunieleza sinema, nimeiona," Kemuma alisema. "Valentine wa Mathew ananifundisha. Ananishika kidevu: 'Nyanya, fungua mdomo vizuri, sema hivi.' Nikamuuliza maana yake. Akasema ni furaha." Ganda la maharagwe likapasuka. "Nani aliwaambia furaha?"

"Ni mimi. Nilidhani nikificha maana..."

"Tulikuwa na maneno mangapi, wewe? Si ungewapa yale mengine yote. Ungewapa matusi tuliyomtukana mama mkwe, ningecheka hadi nianguke."

"Niliulizwa, Kemuma. Nilifurahi kuulizwa."

"Najua." Alisema hivyo bila ukali, na hilo lilimuuma Nyamusi zaidi. "Miaka hamsini alikuwa na watu wawili wa kumwita. Sasa anaitwa na mlima mzima, na hakuna anayemjua."

Valentine alitokea mbio kando ya nyumba, magoti yamejaa vumbi. "Nyanya! Hujafanya mazoezi leo! Sema!"

 Kemuma akaweka bakuli chini, akainua mikono kama alivyofundishwa. "Lumei!" alisema, sauti ya juu, ya kuchekesha, sauti ya kiumbe wa katuni. Mtoto akapiga makofi, akatoweka.

Nyamusi alivuta kiti. Waliambua maharagwe pamoja hadi yakaisha.

Langoni Nyamusi aligeuka. Alitaka kuomba msamaha kwa lugha yao, maana walikuwa na neno la hilo pia, na lilikuwa la kujibiwa. Akalitamka polepole, akangoja.

"Ufike salama, mama Obadiah," Kemuma alisema, akaingia ndani na bakuli lake.