Dadu ya Vifungo

Sostenes alipitisha wembe chini ya uzi wa kwanza, akaukata, kisha akauvuta taratibu kama anavyofumua suruali ya mteja aliyekonda. Kaunta buku lilikuwa nene, jalada limelika kwenye kona, na kila ukurasa umejaa mwandiko wa kaka yake Abel. Mwandiko mzuri, umelala upande mmoja. Abel wa leo hawezi kuandika hata jina lake likasomeka.

"Unatoa zipi?" aliuliza Esta, mke wa Abel, aliyekuja pale barazani anaposhonea Sostenes kufuata gauni lake.

"Za ujuzi, shemeji. Ziko ishirini na nne. Jumapili kwenye mchezo nilimwambia apande ukuta, akaanza kutafuta kupanda kuko ukurasa gani. Alitafuta mpaka akalia."

"Mimi sikumwona akilia."

"Ulikuwa jikoni."

Esta alikunja gauni bila kulijaribu. "Punguza tu," alisema. "Ila usimwambie kwamba umepunguza kwa sababu yake."

Mchezo wenyewe majirani wa Tinde walishauchoka. Wengine waliuita wa kitoto, wengine wakasema hao ndugu wawili wanaroga. Ulianzia machimboni Geita, masika moja mashimo yalipojaa maji na watu wakakosa la kufanya. Abel alikuwa mchimbaji na mchomaji wa dhahabu, Sostenes anashona viroba vya kubebea mawe. Mtaalamu wa miamba aliyepanga chumba cha jirani alihama akaacha kitabu cha mchezo cha Kiingereza na dadu ya ajabu yenye pande ishirini. Abel aliishia kidato cha nne, jambo ambalo hajawahi kulikubali, na kitabu kile alikitafsiri chote kwenye kaunta buku. Mmoja anasimulia, mwenzake anakuwa mtu ndani ya simulizi, na penye hatari dadu inaamua. Sostenes akawa msimulizi. Abel akawa Mageni, mwindaji wa Kishapu, aliyeondoka kwao kwenda kuikomboa mvua iliyofungiwa ndani ya chungu, kwenye pango la joka. Mwaka wa kumi na mbili sasa, Mageni bado yuko njiani.

Mageni alikuwa na ujuzi huo ishirini na nne na kinga nne: ya upanga, ya moto, ya uchawi na ya sumu. Kila kimoja kilikuwa na namba yake, na namba zinajumlishwa na kutolewa mpaka kichwa kinauma. Abel alizipenda hesabu hizo kuliko ubwabwa. Kinga ya sumu aliipa kumi na tisa, na hakuna nyoka wala mchawi aliyewahi kumpata Mageni kwa sumu. Mwenyewe Abel alichoma zebaki juu ya kikaango ili ibaki dhahabu, miaka tisa, mlango umefungwa ili wezi wasione, moshi wote ukiishia kifuani mwake. Inauma kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alirudi Tinde mikono ikitetemeka. Baadaye zikaja hasira za ghafla, halafu kusahau. Daktari aliwaambia kwamba kilichokwisha kuharibika hakitarudi. Tangu siku hiyo Sostenes alitaka kitu kimoja tu: Mageni afike pangoni wakati Abel bado anamkumbuka.

Basi akapunguza. Kupanda, kuruka na kuogelea akaviita mwili. Kusoma nyayo, kusikiliza na kunusa akaviita macho. Yote ya kubembeleza na kudanganya akayaita mdomo. Kinga nne akazifanya moja. Kurasa zilizobaki alizishona upya kwa uzi mweusi, na Jumapili tatu mfululizo Abel alicheza akicheka, akimtania mdogo wake kwamba mbuzi amekula nusu ya daftari.

Jumapili ya nne Abel alishindwa kujumlisha kumi na mbili na saba.

Hapo ndipo Sostenes alipokosea. Aliacha kusoma dadu. Abel akirusha, yeye anaifunika haraka kwa kiganja na kusema, "Umepita, kaka." Mageni akapita kwenye moto. Akapita katikati ya fisi arobaini.

"Nimepata ngapi?" Abel aliuliza siku moja.

"Umepita, kaka."

"Nimekuuliza nimepata ngapi."

Sostenes aliinua kiganja. "Tatu."

"Tatu kati ya ishirini, nikavuka mto wa mamba?" Abel aliipiga meza, kikombe kikaanguka. "Unanibeba! Nilikuwa nashuka shimoni nikijua naweza nisipande tena, na watu wangu wamefunikwa na kifusi kule. Leo unanibeba kwenye mchezo wangu mwenyewe? Yaya, sitaki! Kama siwezi kushindwa, nenda kacheze na cherehani yako."

Esta alitoka ndani, akaokota kikombe, akarudi ndani. Sostenes aliona aibu kiasi kwamba aliondoka bila kuaga.

Wiki nzima hakushika kazi ya mtu. Alikata vipande sita vya jinzi, akaviunganisha kuwa boksi, akajaza pamba, akashonea vifungo: kimoja upande huu, viwili upande ule, mpaka sita. Ilitoka dadu kubwa kama nazi iliyofuliwa, ambayo mtu angeishika kwa mikono miwili na kuihesabu kwa vidole hata kama macho yamechoka. Kisha akakaa na kaunta buku, akafumua uzi wake mwenyewe mweusi. Aliacha ukurasa mmoja wenye jina la Mageni, na chini yake akaandika sheria moja. Nne kwenda juu, umepita. Chini ya hapo, imekula kwako.

Jumapili baada ya ibada walikaa uani kwa Abel. Esta naye alileta kigoda chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hii inaua?" Abel aliuliza, akiigeuzageuza dadu.

"Inaua, kaka."

"Haya. Sema."

Sostenes akasimulia. Aliliweka joka limelala, chungu kati ya miguu yake, na ndani ya chungu mvua inanong'ona. Mageni akanyoosha mkono. Joka likafumbua jicho moja.

Abel alirusha. Dadu ilibingirika vumbini, ikasimama karibu na mguu wa Esta. Abel aliinama, akavigusa vifungo kimoja kimoja, akarudia tena.

"Viwili," alisema.

Esta alimtazama shemeji yake kwa macho ya kuomba. Sostenes aliona, lakini alikwisha kuahidi.

"Limempata," alisema. "Mageni amekufa, kaka. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye chungu."

Kisha Abel akatabasamu, tabasamu pana ambalo hawakuwa wameliona tangu arudi kutoka Geita.

"Sasa hiyo ni haki," alisema. "Wabeja, asante. Niandikie mwingine."

Sostenes aligeuza ukurasa upande wa nyuma, uliokuwa mweupe. Kalamu hakuwa nayo, akatoa mfukoni chaki ya bluu ya kuchorea nguo. "Jina lake nani?"

Abel alifikiri sana. "Mwite Sostenes."

"Kaka," Sostenes alicheka, "mimi nitapigana na joka kweli?"

Abel alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyekaribishwa vizuri. "Na wewe unaitwa hivyo? Huyu ni mdogo wangu. Fundi cherehani, anakaa Tinde. Ukipita pale ukimwulizia utaonyeshwa."

Esta aligeuza uso ukutani. Sostenes aliandika jina lake, na chaki ikakatika. Akaendelea na kipande kilichobaki.

"Ujuzi wake?"

"Anashona."

"Kinga?"

"Huyo hana nguvu," Abel alisema. "Hata kupigana hajui. Ila ana kaka yake, yuko machimboni. Akisikia mdogo wake ameguswa, anakuja."

Sostenes aliandika: Kinga, kaka yake. Akainama kuiokota dadu, akaipangusa vumbi, akaiweka katika mikono ile miwili inayotetemeka. Mikono yake mwenyewe akaiacha hapo, juu ya ile ya kaka yake.