Viti Nje, Mikeka Ndani

Kwetu Mjimwema mtu haambiwi kwamba nyumba fulani imefiwa. Ukiona makochi yametolewa uani na mikeka inaingizwa sebuleni, unajifunga kanga kiunoni na kwenda kulia. Huulizi nani. Utamjua ukifika.

Ndiyo maana sikumcheka Lidwina siku ile, ingawa shule nzima ilimcheka.

Lidwina ni jirani yangu, muuza masweta ya mitumba pale Msamala. Pamela alikuwa mtoto wake wa pekee, darasa la tatu, mwenye selimundu. Anayeujua ugonjwa huo anajua kwamba adui yake ni baridi, na baridi ya Songea mwezi wa saba haina adabu. Lidwina alimvisha mwanawe sweta juu ya sweta mpaka wenzake wakamwita Kitunguu, naye Pamela akacheka nao. Mwalimu wake, Halima, alimpa dawati la dirishani linalopigwa na jua la asubuhi. Mambo yakaenda.

Kisha mwalimu mkuu, Sixbert, akaenda semina. Alirudi na picha kwenye simu: watoto wa nchi za wenzetu wamejilaza kwenye mito, wengine kwenye zulia, wengine wamesimama, wote wanatabasamu. Jambo lenyewe linaitwa ukaaji huru. Mtoto achague mahali anapopenda kukaa, eti akili itafunguka. Sisemi ni jambo baya. Penye zulia nene huenda linafaa sana. Ila sisi tulichangishwa madawati miaka nenda miaka rudi, tukiambiwa ni aibu mtoto kusomea chini. Yalipopatikana tu, kukaa chini kukawa ndiyo usasa. Nilikasirika, na mpaka leo nina hasira.

Siku walipoanza nilimsindikiza Lidwina kumpelekea Pamela dawa aliyoisahau nyumbani. Tulipoingia uwanjani tukaona madawati ya darasa la tatu yamepangwa nje, na wanafunzi wakubwa wanaingiza mikeka mlangoni. Lidwina akatupa kikapu.

"Uwii, mwanangu! Pamela wangu!"

Alianguka akagaagaa vumbini kabla sijamdaka. Pamela mwenyewe akatokea mlangoni, amekumbatia kiroba kilichojazwa maganda ya mahindi, ndio mto wenyewe wa kisasa. Watoto wakaangua kicheko. Walimu nao walicheka, halafu wakanyamaza, maana kumlilia aliye hai ni uchuro.

Mimi siamini uchuro. Ninaamini baridi ya saruji.

"Mwalimu, nakuomba, mwanangu asikae chini," Lidwina alimwambia Sixbert, vumbi bado limemjaa usoni. "Sakafu hiyo itaniulia mtoto."

"Hatalazimishwa, Mama Pamela. Tutamwachia dawati lake palepale dirishani. Yeye mwenyewe ndiye atakayechagua."

Lidwina akashukuru mpaka akapiga goti. Alichosikia ni dawati. Hilo la kuchagua lilimpita.

Dawati lilibaki kweli, peke yake, na darasa zima likiwa chini bega kwa bega. Lakini watoto hawakusahau kile kilio. Kitunguu hakuitwa tena Kitunguu. "Marehemu, shikamoo!" walimwamkia kila asubuhi alipoketi dirishani. "Marehemu, umeamkaje huko?" Akivumilia, wanazidisha. Siku aliyokwenda kujibanza mkekani kati yao, hakuna aliyemwita hivyo. Mwalimu Halima alimrudisha kwenye dawati, mtoto akatoka tena. Alimrudisha tena, na mwalimu mkuu akamwonya: katika ukaaji huru mwalimu hamfukuzi mtoto mahali alipopapenda. Haya Halima alituambia mwenyewe baadaye, huku analia.

Nyumbani Lidwina aliuliza kila jioni, "Umekaa wapi leo?"

"Kwenye dawati, mama."

Mikeka ile ya plastiki ni myembamba, na baridi ya sakafu inapenya. Asubuhi moja ya manyunyu Pamela aliamka akilia miguu, mchana akalia kifua. Hospitali walimwekea damu, wakamwekea oksijeni, walijitahidi, sina neno nao. Lidwina alikuwa akimsugua nyayo ili zipate joto, nami nimeshika chupa ya chai, Pamela alipofumbua macho.

"Mama, mimi nilikuwa nakaa mkekani. Kule hawaniiti Marehemu."

Lidwina hakumgombeza. Aliendelea kusugua. Aliendelea hata baada ya muuguzi kumwambia aache.

Msibani makochi yalitolewa uani. Watu walikuwa wengi, mikeka yetu haikutosha, shule ikatuma ya kwao. Wanafunzi waliileta kichwani, ileile ya darasa la tatu, ya kijani yenye mistari myekundu, wakaitandaza mbele ya mfiwa. Lidwina aliitazama, akasimama.

"Hapo sikai."

Kina mama wakamvuta kanga. Mfiwa hukaa chini, ndivyo ilivyo, jamani, kaa. Akawatoa mikono.

"Nileteeni dawati la mwanangu."

Hakuna aliyethubutu kuinuka ila Hironimus, mtani wetu, aliyekuwa tangu asubuhi akizunguka uani kuwakejeli wafiwa kwa ulafi, kama mtani anavyopaswa. Mtani hakataliwi kitu msibani. Alikwenda shuleni, akarudi na dawati kichwani, bila kumtania mtu njiani. Akaliweka katikati ya sebule na kutoka nje.

Lidwina alijibana kwenye kile kiti cha mtoto, magoti yakagonga ubao. Akaweka mikono juu ya dawati kama mwanafunzi anayesubiri kipindi kianze. Alikuwa ameketi hivyo Mwalimu Sixbert alipovua viatu mlangoni na kuingia kutoa pole. Alituona sisi chini, akamwona yeye pale juu, akabaki amesimama, hajui ajiweke wapi.

Lidwina akamwangalia. Hakupaza sauti.

"Karibu, mwalimu," alisema. "Kaa unapopenda."

Mwalimu Sixbert akakaa chini, kwenye mkeka wa kijani, na hakuna mwanamke aliyemsogezea mto.